Mshale Huegemea Wapi? Upinde wa Uwindaji wa Kanama na Neno Tunalolikosa

Makala haya yanachunguza historia ya kitu kidogo sana katika upinde wa kuwindia, nacho ni mahali ambapo wano, yaani mti wa mshale, huegemea wakati upote unapovutwa na hupita mshale unapoachiwa. Katika pinde za kisasa mahali hapo pana kifaa maalumu. Kifaa hicho huuzwa peke yake, huchaguliwa kwa uangalifu, na hurekebishwa kwa siku kadhaa kabla mwindaji hajaingia porini. Katika pinde za babu zetu hapana kifaa chochote. Anayezitazama pinde za kale za Rwanda katika makumbusho ya Huye, yaliyofunguliwa mwaka 1989, ataona mti mmoja uliochongwa ukapindwa, bila kidato wala kikato cha kuwekea mshale. Mgeni huweza kuondoka akidhani kwamba mafundi wa pinde hizo hawakulifikia wazo hilo. Sisi tunashikilia kwamba walilifikia. Egemeo la mshale lilikuwepo, lilichaguliwa na lilirekebishwa, ila halikuwa sehemu ya mti. Lilikuwa mkono wa mwindaji. Na kwa kuwa lilikuwa mkono, limepotea kwa namna ambayo kabati la makumbusho haliwezi kuizuia.

Tumeichagua Kanama kuwa mahali pa kuanzia kwa sababu mbili. Kwanza ni mahali penyewe. Kanama, ambayo zamani ilikuwa komini ya Gisenyi na leo ni sekta ya Wilaya ya Rubavu, imo katika nchi ya kale ya Bugoyi, kando ya barabara itokayo Musanze kwenda ziwani. Upande mmoja kuna volkano, upande mwingine kuna milima ya Gishwati, na chini unapita mto Sebeya. Nchi iliyopakana na misitu pande mbili ni nchi ya wawindaji. Sababu ya pili ni lugha. Wanafunzi wetu wanaotoka huko huzungumza Kigoyi nyumbani, na sokoni husikia Kiswahili cha mpakani, cha Gisenyi na Goma. Kwa hiyo pengo la msamiati likiwapo kati ya lugha hizi mbili, wao ndio wa kwanza kuliona.

Majina ya upinde na sehemu zake

Ama kuhusu msamiati, Kiswahili si maskini. Tuna upinde, neno litokanalo na kitenzi kupinda. Kinyarwanda kimefuata njia ile ile bila kuiga: umuheto unatokana na guheta, ambako maana yake ni kupinda vile vile. Lugha zote mbili zimekiita chombo kwa tendo linalokifanya kiwe chombo. Kiswahili cha zamani kina pia uta, wingi wake mata, neno ambalo Wakamba na Wakikuyu wanalo hadi leo. Kamba ya upinde ni upote au ugwe. Mfuko wa mishale ni podo au ziaka, na kwa Kinyarwanda ni ikirimba. Chuma cha mbele ya mshale ni kigumba au chembe. Kuvuta upinde, Wanyarwanda husema gufora, na kushindana kupiga shabaha huitwa kumasha, mchezo uliokuwa sehemu ya malezi ya vijana pamoja na kuruka na kupigana mieleka.

Katika kitendo cha kuutia mshale kwenye upote lugha zetu zimeachana. Kiswahili husema kupachika. Kinyarwanda husema gutamika, neno lile lile litumikalo kwa kumtia mtu chakula kinywani. Kwa maneno mengine, upinde wa Mnyarwanda hulishwa mshale. Wenzetu wa pwani watuwie radhi, lakini hapa tunaona Kinyarwanda kimeshinda.

Hata hivyo, katika hazina yote hii hatulipati jina la mahali pa kuegemeza mshale. Wanafunzi wakikutana na maelezo ya pinde za kisasa katika zoezi la tafsiri, wengi huandika kipumzikio cha mshale, kwa kuwa neno la Kiingereza limewaongoza kwenye kupumzika. Tafsiri hiyo inapotosha. Mshale haupumziki pale. Hapo ndipo unapobanwa na nguvu zote za upinde, na hapo ndipo makosa yote ya mpigaji yanapojitokeza. Tutarudi kwenye suala la jina. Kwanza tuone kazi yenyewe ilivyofanyika pasipo jina.

Mkono ulivyofanya kazi ya egemeo

Mtu anayevuta upote kwa mkono wa kulia huushika upinde kwa mkono wa kushoto. Wano hulala juu ya ngumi ya kushoto, kwenye pembe iliyopo kati ya mti wa upinde na kidole. Baadhi ya watu huutegemeza mshale juu ya kidole cha shahada, wengine juu ya kifundo cha kidole gumba. Tofauti hii huonekana ndogo kwa anayetazama, lakini inabadili kimo cha mshale kwa upana wa kidole kizima, na upana wa kidole mkononi ni umbali mkubwa kule mnyama aliko.

Jambo la kwanza la kurekebisha, basi, ni kimo. Mkono ukishika juu leo na chini kesho, mkia wa mshale utapaa au utazama, na mshale utakwenda ukitikisika kama mtu aliyejikwaa. Kwa sababu hiyo mpiga upinde hufunga ngozi au uzi pale anaposhika, au huzoea mahali fulani pa mti mpaka pakawa laini kwa jasho lake. Alama hiyo ni kipimo. Tunaweza kusema ni nusu ya egemeo, na nusu nyingine ni kidole.

Jambo la pili ni gumu zaidi kueleza, nalo ndilo kiini cha suala zima. Mti wa upinde una unene, na mshale hauwezi kupita katikati yake. Hupita ubavuni. Upote ukiwa umevutwa, mshale huelekea karibu sawasawa na shabaha. Lakini upote unaporudi hufuata njia ya kuelekea katikati ya mti, ilhali mshale uko pembeni. Kadiri upote unavyokaribia mti, ndivyo mshale unavyosukumwa kuelekea upande. Kwa hesabu ya kawaida, kila mshale ungepaswa kwenda kushoto. Hauendi, kwa sababu wano hujipinda kama nyoka, huuzunguka mti, kisha hunyooka hewani na kushika njia uliyoelekezwa. Mmarekani Robert Elmer ndiye anayetajwa kuwa alikipa kinaya hiki jina mwaka 1913, na baadaye mwanafizikia Clarence Hickman, kwa picha za kasi kubwa, aliwaonyesha watu mshale ukijipinda kwa macho yao wenyewe. Wawindaji wa misitu yetu hawakuwa na kamera, lakini kila mshale waliouchonga ulikuwa jibu la swali hilo hilo.

Jibu lenyewe ni kwamba anayetumia mkono kama egemeo hachagui egemeo ili limfae mshale, huchagua mshale ili uufae upinde na mkono. Wano likiwa gumu mno, halijipindi vya kutosha, na kwa mtu wa mkono wa kulia mshale huponyoka kushoto. Likiwa laini mno hupita kiasi na kwenda kulia. Ugumu wa wano hutegemea unene na aina ya mti, lakini pia urefu na uzito wa kigumba. Wano refu hujipinda zaidi kuliko fupi, na kigumba kizito hulifanya lijipinde zaidi. Kwa hiyo fundi akiona mishale yake inakwenda kulia, anaweza kuikata kidogo au kuitia chuma chepesi. Ikikataa na kwenda kushoto, hulikwangua wano au hutia chuma kizito. Hapa ndipo penye siri ya podo la zamani: mishale kumi yenye sura moja haikuwa mishale kumi ya mtu yeyote. Ilikuwa ya upinde mmoja na ya mkono mmoja. Kumwazima mtu upinde bila kumwazima mishale yake ilikuwa kumpa nusu ya silaha.

Upote nao una neno lake. Nafasi iliyopo kati ya upote na mti wakati upinde haujavutwa huongezwa kwa kuufupisha upote au kuusokota zaidi, na hupunguzwa kwa kuulegeza. Nafasi ikiwa ndogo, upote husukuma mshale kwa safari ndefu zaidi na kuupa nguvu, lakini mwisho wa safari hiyo mshale huwa umeelekezwa pembeni zaidi, na upote humchapa mpigaji kwenye kifundo cha mkono. Picha za wapiga upinde wa Rwanda zilizopigwa mwanzoni mwa karne ya 20 zinawaonyesha wakiwa na vikingio vikubwa vya mti katika mkono wa kushoto, vingine vikiwa vimepambwa kwa waya. Watazamaji wengi wameviona kuwa mapambo tu. Mapambo yalikuwepo, lakini kikingio kinene kinatueleza pia kwamba upote ulipita karibu sana na mkono, na kwamba mpigaji alikubali kuchapwa ili asipoteze nguvu.

La mwisho katika sehemu hii ni manyoya. Mshale unaopita juu ya kidole hupita na manyoya yake, na mzizi wa unyoya uliokatwa vibaya huchana ngozi kama wembe. Ndiyo maana sehemu ya mbele ya unyoya hufungwa kwa uzi au mshipa wa mnyama na kulainishwa kwa makini kuliko sehemu ya nyuma. Wambuti wa msitu wa Ituri, upande wa Kongo, wana suluhisho jingine: hutumia kipande cha jani badala ya unyoya, na jani hupita juu ya mkono bila kuudhuru. Ni mishale ya karibu, ya kupigia nyani mtini, na kwa kazi hiyo jani latosha.

Sumu, na mkono uliokaa karibu nayo

Tusipowatazama majirani tutaidharau hatari ya egemeo lisilo chombo. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, hutengeneza sumu ya mishale kwa utomvu wa mdagwa wa jangwani, wanayoiita panjube, na kwa mbegu za mti mwingine, wanayoiita shanjo. Wakamba na Waata wa Kenya walitumia mti wa jamii ya Acokanthera, ambao sumu yake huusimamisha moyo. Sumu hupakwa kwenye shingo ya mshale, nyuma kidogo ya chembe. Sasa msomaji afikirie: mkono ndio egemeo, na mshale unavutwa nyuma juu ya mkono huo. Wano likiwa fupi kuliko mvuto wa mpigaji, sumu itagusa kidole chake.

Kwa hiyo urefu wa mshale wa sumu haukuwa suala la shabaha peke yake. Mshale ulipaswa kuwa mrefu kiasi kwamba hata upinde ukivutwa mpaka mwisho, sehemu yenye sumu ibaki mbele ya ngumi. Lakini tumeshaona kwamba wano refu hujipinda zaidi, na hivyo linahitaji kuwa nene zaidi ili liende sawa. Hitaji moja likaleta jingine. Wakamba na Waata walizoea pia kuizungushia sumu kipande chembamba cha ngozi, kinachoondolewa mnyama anapokuwa karibu. Ngozi hiyo huzuia sumu isikauke, na humlinda mwenye mkono.

Waata tunawataja kwa heshima ya pekee. Pinde zao za kuwindia tembo katika nyika ya Tsavo zilihitaji nguvu ya kuvuta inayozidi pauni 100, yaani zaidi ya kilo 45, ambayo ni nguvu ya pinde za vita za Ulaya. Serikali ya kikoloni ilipoendesha kampeni kubwa dhidi ya ujangili huko Tsavo katika miaka ya 1956 na 1957, wengi wao walikamatwa na kufungwa, na ufundi huo ukavunjika ndani ya kizazi kimoja. Egemeo lao lilikuwa mkono kama ule wa Kanama.

Na tukiwa bado Kenya, msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakuwa amekwisha kumkumbuka Fumo Liyongo. Katika kisa chake, kama kilivyotungwa katika utendi na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, shujaa aliyechomwa na mwanawe mwenyewe alikwenda kisimani, akapiga goti na kupachika mshale upindeni, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji waliogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Tumekifundisha kisa hiki miaka mingi kama kisa cha hofu na usaliti. Kikitazamwa na mtu wa pinde, kinasema jambo jingine pia: katika upinde usio na kifaa, mshale hausimami peke yake. Ukiwa umekaa mahali pake, basi kuna mkono unaoushikilia. Watu wa mji walikuwa na haki ya kuogopa.

Egemeo lilipotoka mkononi

Tusidhani kwamba huu ni upungufu wa Afrika. Meli ya vita ya Uingereza iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982. Ndani yake zilipatikana pinde 137 zilizo nzima na mishale zaidi ya 3,000, pamoja na vikingio vya mkono. Pinde zile hazina kidato cha kuwekea mshale. Waingereza waliozitumia waliegemeza mshale mkononi kama Wagoyi. Anayeuita upinde wa Rwanda duni kwa kukosa egemeo, auite hivyo hivyo na upinde wa mfalme Henry wa 8.

Mabadiliko yalikuja baadaye, katika karne ya 20, hasa Marekani. Mafundi walianza kuuchonga mti wa upinde pembeni mwa mshiko ili mshale upite karibu na katikati. Hapo mkono ukapoteza kazi yake, na nafasi ikapatikana ya kubandika kipande cha ngozi, kisha manyoya, kisha waya na plastiki. Likaongezwa na kidude chenye springi kinachousukuma mshale ubavuni, ambacho ugumu wake huweza kubadilishwa kwa kuzungusha skrubu. Badala ya kulikwangua wano, mtu alizungusha skrubu.

Mwaka 1966 Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza ya upinde wa kapi, akaipata mwaka 1969. Upinde huu una magurudumu kwenye ncha zake, na mvuto wake hupungua mtu anapofika mwisho wa kuvuta. Wengi huuachia upote kwa kifyatulio badala ya vidole, na mshale unaoachiwa hivyo hujipinda zaidi juu na chini kuliko pembeni. Egemeo likalazimika kubadilika tena. Yako maegemeo yenye uma unaoushika mshale kutoka chini, yako yanayoanguka mara tu mshale unapoanza safari ili manyoya yasiguse chochote, na yako yenye duara la brashi linaloufunga mshale pande zote. Mtu wa mashindano huweza kupenda linaloanguka. Mwindaji anayetambaa vichakani au kukaa juu ya mti huwa na hofu nyingine, kwamba mshale utadondoka au utagonga chuma na kumshtua mnyama, kwa hiyo wengi wa aina hiyo hulipendelea la brashi ijapokuwa brashi huyagusa manyoya kila mara na huchakaa.

Namna ya kulirekebisha ni ya kuvutia kwa sababu maswali yake tumekwisha kuyajibu. Kwanza mshale huwekwa ukiwa umesimama mraba na upote, kisha egemeo husogezwa ili mshale uwe kwenye mstari wa katikati. Halafu karatasi hutandazwa katika fremu, na mtu hupiga mshale kupitia karatasi hiyo kutoka hatua chache. Tundu likiwa moja safi lenye alama za manyoya pande zote, mshale unakwenda sawa. Mkia ukichana juu ya tundu la chembe, mkia umepaa, na egemeo huinuliwa kidogo au mahali pa kupachika hushushwa. Karatasi ikichanika pembeni, egemeo husogezwa pembeni au hutafutwa mshale wa ugumu mwingine. Anayeshuku kwamba manyoya yanagusa egemeo huupaka mshale unga na kutazama unga umefutika wapi. Kimo, upande, ugumu wa wano, mguso wa manyoya: ni mambo yale yale manne tuliyoyaona juu ya ngumi ya mwindaji. Tofauti ni kwamba kosa la egemeo la chuma huandikwa kwenye karatasi, ilhali kosa la mkono liliandikwa kwenye ngozi ya mpigaji.

Yaliyoukuta umuheto

Turudi Bugoyi. Katika Rwanda ya wafalme, neno umuheto lilivuka mipaka ya uwindaji na vita. Lilikuja kutaja pia uhusiano wa utii. Catharine Newbury, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Kinyaga, ameeleza jinsi koo zilivyotoa ng'ombe kwa mkuu wa umuheto ili zipate kulindwa. Upinde ulikuwa jina la kodi na jina la ulinzi kwa pamoja. Von Götzen, Mjerumani aliyekutana na mfalme Rwabugiri huko Kageyo mwaka 1894 na kisha kuendelea mpaka Ziwa Kivu, alipita katika nchi ambayo nguvu yake bado ilihesabiwa kwa mikuki na pinde.

Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1896, jeshi la Rwanda lilikabiliana huko Shangi na kikosi cha Dola Huru ya Kongo chenye bunduki, likashindwa vibaya. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba upinde umekwisha kama silaha ya dola. Kuanzia mwaka 1926 Wabelgiji waliunganisha vyeo vya watawala wa ardhi, wa malisho na wa majeshi kuwa cheo kimoja. Mkuu wa jeshi akatoweka, na umuheto ukabaki hauna mwenyewe.

Ukabaki uwindaji. Nao uliminywa kutoka pande zote mbili za Kanama. Upande wa volkano, Hifadhi ya Albert ilitangazwa mwaka 1925. Waliokuwa wakiishi kwa msitu, hasa Watwa wa msituni waitwao impunyu, waliendelea kuingia humo kwa kificho, kisha wakaondolewa kabisa. Upande wa Gishwati, msitu uliokuwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 280 katika miaka ya 1970 ulikatwa kwa ajili ya malisho, misonobari na mashamba, na baada ya mwaka 1994 kwa ajili ya makazi ya waliorejea nchini, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikabaki kilomita za mraba kama 6 tu. Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, iliyoanzishwa kisheria mwaka 2016, inajitahidi kuurudisha. Kuwinda humo ni kosa, na hatuandiki haya ili kumtetea jangili. Tena jangili wa siku hizi hutumia mtego wa waya, usiohitaji mkono uliofundwa.

Hapa ndipo hasara tunayoizungumzia ilipotokea. Upinde ulipopigwa marufuku, mti wake ulihifadhiwa, kigumba kilihifadhiwa, podo lilihifadhiwa. Egemeo halikuhifadhiwa kwa sababu lilizikwa na mwenyewe. Wazee wachache wa Kanama tuliowauliza mshale ulikaa wapi hawakutupa jina. Walikunja ngumi ya kushoto wakainua kidole. Hilo ni jibu kamili, ila haliingii katika kamusi.

Kuhusu jina

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na kazi ya kueleza mambo ya Rwanda kwa Kiswahili imekuwa yetu. Maelezo ya makumbusho, vitabu vya utalii na vya michezo vitaandikwa, na mtu atalazimika kukiita kitu hiki jina. Kipumzikio tumekwisha kukikataa. Kuna aliyependekeza kitako cha mshale, lakini kitako hudokeza kukaa, na msomaji ataelewa sehemu ya nyuma ya wano. Sisi tumetumia egemeo katika makala haya yote. Kuegemea ni kujiweka juu ya kitu kwa muda huku uzito ukiwa bado ni wako, na ndivyo mshale ufanyavyo. Zaidi ya hayo, neno hili halimlazimishi mtu kufikiri juu ya chombo. Mkono unaweza kuwa egemeo, na uma wa chuma vile vile. Jina lingine lolote litawafanya wapiga upinde wa Bugoyi waonekane watu waliokosa kitu.

Tunajua kwamba wapo wasomaji wetu waliolelewa Kanama, Nyundo, Kanzenze au Bigogwe ambao wazazi au babu zao walijua kumasha. Kama kuna neno la Kigoyi la mahali mshale unapopita mkononi, la kidole kinachoinuliwa, au la ngozi inayofungwa kwenye mshiko, tunaomba liletwe katika ofisi ya idara, likiandikwa pamoja na mahali lilipotumika na nani alilitumia, mwindaji au mtu wa michezo. Tutalichapisha katika toleo lijalo, na likionekana linafaa kuliko egemeo, tutaliacha egemeo.